Lebo Zilizotokea Nairobi

Karambu hakuzaliwa Mitunguu. Alizaliwa Muthara, kule Tigania, na alipomaliza kidato cha nne baba yake aliuza mti mmoja wa mgrevilea ili aende Meru mjini kusomea kompyuta kwa miezi sita. Alipanga chumba mtaa wa Majengo, nyuma ya bucha moja, na kozi ilipokwisha akabaki mjini miaka minne, akiwachapia watu barua za kuomba kazi na wasifu wa marehemu katika kiduka cha kompyuta. Hapo ndipo Antony, fundi wa mawe kutoka Imenti Kusini, alipomkuta. Alikuja kuchapisha karatasi moja, akarudi mara sita kwa karatasi ileile. Wakaoana, na Karambu akateremka kutoka baridi ya juu hadi joto la Mitunguu, kwenye migomba na mifereji ya maji.

Mitunguu watu walikuwa wameanza kulima mishiri, yale maharagwe membamba ya kijani yanayochumwa mabichi na kusafirishwa kwa ndege kwenda Ulaya. Aliyeinunua alikuwa broka mwenye pikapu na mzani wake mwenyewe. Mzani ule ulipenda uzito mdogo, na siku nyingine broka hakuja kabisa. Karambu ndiye aliyesikia habari za kampuni moja ya Nairobi iliyonunua moja kwa moja kwa vikundi vya wakulima. Msimu mzima wa kiangazi alizunguka boma kwa boma na mtoto wake Kinya mgongoni, akiwaomba watu waungane. Mzee Kiunga, aliyekuwa na shamba kubwa kuliko wote, alimkatalia mara tatu. Mara ya nne alimwambia, "Naingia kwa sababu yako, Mama Kinya. Hao wa Nairobi mimi siwajui."

Basi kikundi kikaandikishwa, banda la mabati likajengwa kando ya barabara, na kwa kuwa hakukuwa na mwingine aliyejua kushika kipanya, Karambu akafanywa karani.

Kampuni ilileta kompyuta moja, printa ndogo ya lebo yenye ukubwa wa mkate, na sheria moja: kreti isiyo na lebo haivuki geti la ghala la baridi. Kila lebo ilikuwa na mistari myeusi ya kusomwa na mashine, na ndani ya mistari hiyo mlikuwa na nambari ya mkulima, shamba lake, siku aliyochuma na siku aliyopiga dawa mara ya mwisho. Lebo kama hiyo huwezi kuiandika kwa mkono. Programu yenyewe haikuwa Mitunguu, ilikuwa ndani ya kompyuta kubwa ya kampuni kule Nairobi. Karambu aliingia humo kwa intaneti kila asubuhi, na kompyuta ya mezani kwake ikawa dirisha tu la kuchungulia ya Nairobi. Aliweza kuona na kuandika, lakini kampuni ilikuwa imefunga kila kitu kingine. Hakuna kunakili faili, hakuna kuituma kwa simu. Ruhusa iliyobaki ilikuwa ya kuchapisha, na akibonyeza, lebo zilitoka kwenye mashine iliyokuwa karibu na kiwiko chake. Kwa miaka miwili hakuwahi kujiuliza mashine ile ya Mitunguu ilijuaje kwamba maneno ya Nairobi ni yake.

Alhamisi moja ya mwezi wa kumi alifungua banda saa mbili asubuhi na kukuta kompyuta imejibadilisha usiku. Ile alama aliyozoea kuibonyeza ili aingie Nairobi haikuwepo. Akampigia Kathuri, kijana wa kompyuta wa kampuni, Mmeru mwenzake aliyekaa Nairobi.

"Hayo ni masasisho tu, Mama Kinya," Kathuri alisema. "Tutatengeneza nyingine sasa hivi. Chukua kalamu."

Alimsomea nambari na maneno ya siri, Karambu akayaandika, na dirisha la Nairobi likafunguka kama siku zote. Akamshukuru. Wakulima walikuwa wameshaanza kufika, wakaanza kupima. Mavuno yalikuwa mazuri kuliko ya mwezi wowote mwaka ule. Hadi saa tano na nusu walikuwa wamepima kreti mia moja thelathini na mbili za watu arobaini na mmoja, zimepangwa kivulini na kufunikwa magunia yaliyoloweshwa maji.

Karambu akabonyeza kuchapisha. Printa ilinyamaza. Taa yake ya kijani ilikuwa inawaka, karatasi imo, waya umeingia. Akabonyeza tena. Akaizima, akaiwasha, akabadilisha tundu la waya, akabonyeza mara ya tatu, kisha akampigia Kathuri.

"Lebo hazitoki."

"Zinatoka."

"Kathuri, nimesimama hapa mbele ya mashine. Hakuna kitu."

"Mama Kinya, nakwambia zinatoka. Ziko hapa kwangu. Printa ya ofisi imetema lebo zako mpaka chini ya meza. Namuona Kiunga hapa, namuona Felicitas... hawa wote ni watu wako."

Karambu alikaa kwenye kiti. Nje ya dirisha watu walikuwa wanacheka kwa sauti, wakingojea.

"Basi zirudishe huku," alisema.

"Ndiyo nafanya. Nipe dakika tano."

Dakika tano zikawa arobaini. Kathuri alipekua kompyuta ya Nairobi na kuona kila kitu kiko sawa. Akamwambia Karambu atoke na kuingia upya, naye akatoka na kuingia upya. Akamwambia aifute printa na kuiweka tena, akafanya. Kila alipojaribu, lebo zilizaliwa Nairobi. Mwishowe Kathuri akapaza sauti: "Wacha kubonyeza! Mkubwa anauliza nani anamaliza karatasi!"

"Si uzihifadhi, mzibandike lori likifika huko?"

"Kreti ikifika getini bila lebo haishushwi. Inarudi ilikotoka. Na geti liko uwanja wa ndege, mimi niko mjini katikati na siruhusiwi kutoka. Kwangu hapa kila kitu ni sawa, Mama Kinya. Shida iko upande wako."

Lori la baridi lilikuwa limefika tayari. Dereva wake, Mbae, alikuwa mtu mpole aliyechukia kuchelewa. Ghala lilifunga mapokezi saa mbili usiku, na kabla ya hapo alikuwa na mzigo mwingine wa kupakia Ishiara, upande wa Embu.

"Madam, saa saba naondoka," alimwambia. "Na mzigo wenu ama bila."

Watu walikuwa wameacha kucheka. Walisogea hadi mlangoni, wakasimama wakimtazama mgongo. Karambu alihisi jasho likimshuka hadi kiunoni. Alijua mshiri ukichumwa na kukaa joto la Mitunguu hadi jioni unalegea kama uzi, na hapo hata broka haugusi. Aliinama chini ya meza akajifanya anaangalia waya, kwa sababu machozi yalikuwa yameanza na hakutaka Mzee Kiunga ayaone. Akiwa chini pale ndipo alipomkumbuka Munyi.

Munyi alikuwa karani wa banda la Ishiara. Hawakuwa wamewahi kuonana, walizungumza kwa simu tu mambo ya kazi. Akampigia na kumweleza.

"Yangu imetoa asubuhi hii bila shida," Munyi alisema. "Ukija hapa na mzigo, utaingia kwa jina lako kwenye kompyuta yangu, zitatokea hapa."

Karambu akaruka. Kwa kalamu nene aliandika nambari ya mkulima kwenye kila kreti, akiomba watu wamsaidie kupakia. Mbae alikataa, akasihiwa, akakubali kwa sharti moja: "Mpaka Ishiara. Zikiwa hazina lebo hapo, hapo ndipo zinashuka." Karambu akatia roli tatu mpya za lebo ndani ya mkoba, akapanda mbele. Felicitas, bibi aliyelea wajukuu watatu kwenye robo eka na ambaye wote walimwita cucu, yaani nyanya, alimfuata hadi mlangoni mwa lori.

"Zitafika?" aliuliza.

"Zitafika, cucu."

Walipita Tunyai, nchi ikazidi kukauka, na kila walipopunguza mwendo kwa sababu ya mbuzi barabarani, Karambu alitazama saa ya simu. Walivuka daraja la Thuci na kuingia Ishiara saa nane na nusu.

Munyi alikuwa mtu mfupi wa miaka hamsini hivi, amevaa sweta kwenye joto lile. Hakupoteza muda kwa salamu ndefu. Alimpisha kitini. Karambu akaandika jina lake na neno la siri, dirisha la Nairobi likafunguka, akaomba lebo moja ya kujaribu. Printa ikaguna, ikatoa lebo. Karambu aliishika kwa vidole viwili kama kitu cha moto, akafunika mdomo kwa mkono mwingine.

"Haya basi," Munyi alisema. "Lakini angalia karatasi. Mimi nimeshabandika mzigo wangu. Iliyobaki hapo inaweza kuwa themanini."

"Nimekuja na zangu."

Akatoa roli. Munyi akaijaribu mara mbili, akatikisa kichwa. Printa yake ilikuwa ya zamani kidogo, nyembamba. Roli ya Mitunguu ilizidi kwa upana wa kidole.

"Tuikate," Karambu alisema.

"Itakwama."

"Tuikate, Munyi! Nina watu arobaini na mmoja!"

Wakaikata kwa kisu cha kukatia sukuma wiki, upande mmoja. Lebo tatu zilitoka zimepinda. Ya nne ikajikunja tumboni mwa mashine, taa nyekundu ikawaka, kimya. Iliwachukua dakika ishirini kuifungua na kuchomoa vipande kwa kibanio cha nyusi alichoazima Munyi kwa mwanamke wa duka la pili. Waliporudisha roli ya Munyi, sehemu yake ilikuwa imechafuka gundi na kuraruka. Munyi alihesabu zilizobaki kwa kidole, polepole.

"Sabini na moja."

Mbae alikuwa amesimama mlangoni. "Robo saa, madam. Sina nyingine."

Kreti mia moja thelathini na mbili, lebo sabini na moja. Karambu aliondoa kwanza zake mwenyewe, tano, hilo halikumsumbua. Kisha akaamua kufuata daftari, aliyepimwa mapema aende mapema. Hiyo ndiyo ingekuwa haki ambayo hakuna mtu angeipinga. Akachapisha wa kwanza, wa pili, wa tatu. Munyi alikuwa akipokea lebo na kukimbia nazo nje kubandika.

Alipofika wa kumi na mbili vidole vilisimama. Wa kumi na mbili alikuwa Mzee Kiunga, kreti kumi na nne. Felicitas alikuwa wa thelathini na tisa, kreti nne, kwa sababu alichuma peke yake na kubeba kreti moja moja mgongoni. Kwa daftari asingefikiwa. Karambu aliwaza juu ya ng'ombe wa Kiunga, na mwanawe mwalimu, na nyumba ya mawe. Aliwaza sauti ya bibi yule mlangoni mwa lori. Hakuwaza muda mrefu, hakuwa nao. Akamruka Kiunga. Akachapisha nne za Felicitas, akarudi kwa wa kumi na tatu na kuendelea mpaka karatasi ikaisha.

"Umeruka mmoja," Munyi alisema kwa sauti ya chini.

"Najua."

Lori liliondoka saa kumi kasoro dakika ishirini. Kreti sitini na moja zilibaki kwenye sakafu ya Munyi. Karambu alipiga simu kwa kila broka aliyekuwa naye kwenye simu yake, hata yule wa mzani mwepesi, na hakuna aliyetaka mzigo uliolala juani. Wenyeji wa Ishiara hawali mishiri. Saa kumi na moja alikuja mfugaji mmoja, akafungua magunia, akaleta mbuzi wake. Hakulipa. Alisema anawasaidia tu kuondoa uchafu. Karambu alikaa kwenye jiwe kando ya banda akatazama mbuzi wakila jasho la Mzee Kiunga, na alilia mbele ya watu wasiomjua, bila kujificha, mpaka Munyi akamletea maji ya kunawa uso.

Asubuhi ya Ijumaa Kathuri alipiga simu, sauti yake imepoa.

"Mama Kinya, hebu fungua kile kidirisha cha kuingilia. Usiingie bado. Kuna mahali pameandikwa mambo ya kompyuta yako. Umepaona? Hapo pana neno printa na kisanduku kidogo. Kina alama ya vema?"

"Hakina."

"Kiweke. Sasa ingia, uchapishe moja."

Lebo ikatoka, safi, pale pale kwenye kiwiko chake.

"Hicho kisanduku ndicho huiambia Nairobi kwamba printa ni ya kwako," Kathuri alisema. "Jana tulipotengeneza alama mpya nilisahau kukwambia. Alama ya Munyi ni ya zamani, ndiyo maana yake ilikuwa inafanya kazi. Pole sana."

Karambu alikata simu. Si kwamba alikuwa na hasira naye. Usiku kucha alikuwa amepata jambo lingine la kujilaumu: aliwaza kubeba karatasi na hakuwaza kubeba mashine. Printa ile ilikuwa na uzito mdogo kuliko mtoto wa miezi mitatu. Angeiweka mapajani ndani ya lori, Munyi angeiunganisha, na watu wote arobaini na mmoja wangefika.

Jumatatu mchana kikundi kilikutana bandani. Karambu alieleza habari ya lebo, ya kisanduku, ya roli iliyokatwa. Watu walisikiliza, wengine wakampa pole. Kisha Mzee Kiunga akasimama, kofia mkononi.

"Mimi nilipimwa wa kumi na mbili," alisema. "Nimeuliza. Wa kumi na tatu mzigo wake ulifika. Wa kumi na nne ulifika. Wangu ulipitia wapi?"

Karambu angeweza kusema ni mashine. Hakuna ambaye angejua, na Munyi hakuwa mtu wa kusema.

"Nilikuruka, mzee."

"Kwa nini?"

"Felicitas alikuwa mwisho. Niliona wewe una pa kushika na yeye hana."

"Uliona." Kiunga alitingisha kichwa taratibu. "Uliniuliza kama nina pa kushika? Simu yangu ilikuwa imezimwa?"

"Haikuzimwa, mzee. Sikuuliza."

"Na ungeniuliza, ningekubali. Hilo ndilo linaniuma." Akavaa kofia, akatoka. Watu kumi na mmoja walitoka nyuma yake, na wiki ile ile walirudi kwa broka.

Karambu aliomba aachishwe kazi. Mwenyekiti akauliza ni nani atakayeishika kompyuta, na kwa kuwa hakuna aliyeinua mkono, wakaendelea na ajenda nyingine. Antony, aliyekuwa kwenye kazi ya mawe Isiolo, alimwambia kwa simu awaachie mambo yao. Lakini awaachie vipi watu aliowatoa majumbani kwao mmoja mmoja?

Siku ya nne Felicitas alikuja kwake, akakataa chai.

"Wewe hukuniuliza mimi pia," alisema. "Sasa nikifika kwa mfereji watu wananyamaza. Wananiona kama mimi ndiye nilikutuma."

"Nisamehe, cucu."

"Nimekusamehe. Lakini siku zangu za maji, Kiunga ndiye alikuwa ananifungulia. Yale mawe ya kuziba mfereji mimi siwezi kuinua. Hajakataa, ila hajaja. Na mimi siwezi kwenda kumwambia. Sasa nani ananifungulia?"

Karambu hakuwa amejua hilo. Miaka miwili alipita kando ya mfereji ule kila asubuhi na hakuwa amejua.

Tangu hapo, Jumanne na Ijumaa, huamka mapema na kwenda kwa mfereji na jembe kabla ya kufungua banda. Ni kazi nzito. Mawe yana utelezi, na maji yakiachiwa vibaya huchukua udongo. Kiunga hupita hapo akielekea shambani kwake, na kwa majuma mengi alipita bila salamu, macho mbele, kama anayepita karibu na kisiki.

Ijumaa moja alisimama ng'ambo ya mfereji. Karambu aliinua uso, matope hadi magotini.

"Unafungulia upande mbaya," Kiunga alisema. "Hayo maji yanakuja kwangu."

"Niweke jiwe wapi, mzee?"

Alionyesha kwa fimbo, juu kidogo, kwenye kona. Karambu akalisogeza. Maji yakageuka, yakashika njia ya shamba la bibi. Alipogeuka kusema asante, mzee alikuwa ameshaenda zake, na kutoka barabarani ilisikika honi ya lori la Mbae, lililowahi siku hiyo. Akalibeba jembe begani, akakimbia na miguu yenye matope, kwa maana kulikuwa na kreti za watu ishirini na tisa zikingoja kupimwa.